Kaboni asilimia ngapi kwenye mlingoti wa ubao wa tanga?

Kwenye milingoti mingi ya ubao wa tanga (windsurfing) utakuta herufi C na namba: C30, C40, C55, C75, C90, C100. Hiyo ni asilimia ya kaboni, na ndiyo inayopandisha bei. Katika maduka ya Ulaya mlingoti wa C100 mara nyingi huuzwa mara mbili ya C40 wa urefu uleule, na wakati mwingine zaidi. Aliyeko Diani au Jambiani aongeze hapo nauli ya kifurushi cha zaidi ya mita mbili, ushuru wa bandarini, na jambo moja ambalo mzungu wa duka halifikirii: ukivunjika, hakuna pa kwenda kununua mwingine kesho asubuhi. Basi ni vizuri kujua pesa hiyo inanunua nini, maana imani iliyoenea, kwamba kaboni nyingi ni mlingoti mgumu zaidi, si ya kweli.

Ugumu una namba yake. Inaitwa IMCS, na huandikwa kando ya urefu. Mlingoti wa sentimita 370 kwa kawaida ni IMCS 17, wa 400 ni 19, wa 430 ni 21, wa 460 ni 25, wa 490 ni 29. Namba hizo hazibadiliki kwa sababu ya kaboni. Mlingoti wa 400 wenye C30 na wa 400 wenye C100 yote ni 19, au inapaswa kuwa 19, kwa sababu anayebuni tanga hulikata kwa kufuata urefu, ugumu na umbo la mpindo. Kaboni haimo kwenye hesabu yake ya kukata kitambaa.

Kinachobadilika ni uzito. Nyuzi za kaboni za kawaida zina ugumu wa gigapaskali 230 hivi. Nyuzi za kioo, faiba ileile inayotengenezea boti zetu, zina 72 hivi. Tena kaboni ni nyepesi, gramu 1.8 kwa sentimita moja ya ujazo, wakati kioo ni 2.55. Kiwanda kinachotaka kufikia IMCS 25 kwa nyuzi nyingi za kioo hakina njia isipokuwa kuongeza tabaka. Ukuta wa bomba unanenepa na kilo zinapanda.

Kwa mlingoti mnene wa 460, C40 huwa na kilo 2.5 hadi 2.7, C55 kama 2.2 au 2.3, C75 karibu 2, na C100 kati ya 1.6 na 1.8. Kwa mlingoti mwembamba wa 400, C30 ni kama kilo 2, C80 ni 1.5 au 1.6, na C100 ni 1.3 au 1.4. Kila kampuni ina tofauti zake ndogo, lakini ukikuta mlingoti uko mbali sana na namba hizi, uliza kwa nini. Angalia pia kwamba pengo linakua kadiri mlingoti unavyorefuka: kwenye 400 unaokoa kama gramu 600, kwenye 460 gramu 900, na kwenye 490 inakaribia kilo nzima. Hapo ndipo penye sehemu kubwa ya jibu la swali lililo juu ya ukurasa huu.

Kuhusu hiyo C yenyewe, usiichukulie kama kipimo cha maabara. Kwanza C100 haina maana kwamba bomba zima ni kaboni. Kuna epoksi iliyoshika nyuzi, na peke yake ni karibu theluthi ya uzito. Asilimia inahesabiwa kwenye nyuzi tu. Pili, inategemea umehesabu kwa uzito au kwa ujazo. Kaboni ikiwa nyepesi kuliko kioo, mlingoti wenye asilimia 50 ya kaboni kwa uzito ni asilimia 59 kwa ujazo, na wa asilimia 30 kwa uzito ni karibu 38. Mlingoti mmoja, lebo mbili, na zote mbili zinaweza kutetewa. Ndiyo maana kubishana kama C70 ya huyu ni bora kuliko C75 ya yule ni kupoteza muda. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya samaki, funga vipande viwili pamoja, pima. Kilo hazina lugha ya biashara.

Sasa, uzito huo unakusumbua wapi hasa?

Mahali pa kwanza ni unapolinyanyua tanga kutoka majini. Mlingoti wa 460 una kitovu cha uzito karibu mita 2 kutoka kitako, na mikono yako iko kwenye bumu, ule mti wa kushikia tanga, mita 1.4 hivi kutoka kitako. Tanga likiwa limelala, gramu 900 za ziada zinakuja mikononi kama kilo 1.3. Kwa mara moja si kitu. Kwa mwanafunzi anayeanguka kila dakika mbili, au mtu wa kilo 55 anayetafuta upepo uingie chini ya tanga huku mawimbi yanampiga, ni tofauti ya kuendelea kucheza au kwenda kukaa chini ya mnazi.

Mahali pa pili ni kwenye upepo unaopigapiga, na hapa ndipo kaboni inapojilipa. Mlingoti ni springi. Kipigo cha upepo kikija, ncha inalala nyuma kidogo, sehemu ya juu ya tanga inafunguka na kumwaga nguvu iliyozidi. Kipigo kikipita, ncha inarudi na tanga linafunga tena. Kasi ya springi kurudi inafuata kipeuo cha pili cha ugumu ukigawanywa kwa uzito. Ugumu ukibaki uleule na uzito ukishuka kutoka kilo 2.6 hadi 1.7, kwenye karatasi unapata kasi zaidi kwa asilimia 24 hivi. Ukishauvisha tanga lenye kilo nne na mbavu zake, zile fito zinazolinyoosha, tofauti inapungua, ila haiishi. Mlingoti mzito huchelewa kufunguka, kwa hiyo kipigo chote kinaishia kwenye mkono wa nyuma. Halafu huchelewa kufunga, na ubao unazama kwenye sehemu dhaifu baina ya vipigo viwili. Mtu hulaumu tanga. Huvuta kamba ya chini, ile inayolikaza tanga kuelekea kitako, zaidi na zaidi, tanga linakuwa bapa, na bado linasumbua.

Kusi lililotulia kati ya Juni na Septemba linasamehe mlingoti mzito kuliko upepo wa ziwani unaoshuka kutoka milimani, ambao hupiga na kuacha. Mwenye kuchezea ndani ya miamba ya Paje kwenye upepo wa noti 18 zisizobadilika, C55 inamtosha zaidi kuliko anavyoambiwa dukani.

Mpindo kwanza

Kabla ya kufikiria C yoyote, hakikisha umbo la mpindo. C100 yenye mpindo usiolingana na tanga ni mbaya kuliko C40 yenye mpindo sahihi, na hili silisemi kwa kutia chumvi: tanga halikai umbo lake, na hakuna kamba utakayovuta ikalirekebisha.

Mlingoti wenye ncha ngumu hupinda zaidi chini na kidogo juu. Wenye ncha laini ni kinyume chake. Katikati kuna mpindo sawia, ambao kampuni nyingi zimeusogelea miaka ya karibuni. Severne na Duotone hukata matanga yao kwa mpindo sawia; NeilPryde kwa miaka mingi ilijulikana kwa ncha laini; MauiSails ilielekea ncha ngumu. Ukiweka mlingoti wa ncha ngumu kwenye tanga la ncha laini, ukingo wa nyuma juu hubaki umekaza, tanga haliwezi kufunguka, na sehemu ya chini inakuwa bapa mno. Ukifanya kinyume chake, juu kunapepea mapema, nguvu zinapotea, na mbavu za chini zinaubana mlingoti kiasi kwamba ukigeuza upande hazizunguki.

Kwa mlingoti uliofutika maandishi, au uliochanganywa vipande, kipimo unaweza kukifanya nyumbani. Unahitaji stuli mbili za urefu sawa, uzi, futi kamba, mkanda mpana na kilo 30. Dumu la lita 20 na la lita 10 yakijaa maji yanapita kilo 30 kidogo kwa sababu ya plastiki. Mwaga taratibu hadi mizani isome kilo 30 kamili. Unga vipande viwili bila kirefusho (kipande kinachoingia kwenye kitako kuongeza urefu), laza ncha zote mbili juu ya stuli zilizowekwa taulo, na vuta uzi kutoka ncha hadi ncha. Weka alama tatu: robo ya urefu kutoka kitako, nusu, na robo tatu. Pima umbali wa uzi na mlingoti kwenye alama zote kabla ya kuweka mzigo, kwa kuwa bomba lina unene tofauti na pia linalemewa na uzito wake lenyewe. Ning'iniza madumu yote mawili katikati kwa mkanda mpana, kamwe si kwa kamba nyembamba, itauma ukuta. Subiri yatulie, pima tena. Tofauti za vipimo ndizo unazozitaka.

Gawanya urefu kwa mbonyeo wa katikati, upate ugumu. Mlingoti wa 430 uliobonyea sentimita 20.5 katikati una 430 gawanya kwa 20.5, yaani IMCS 21, kama inavyotakiwa. Halafu tuseme kwenye robo ya chini umebonyea 13.0 na kwenye robo tatu 15.4. Hizo ni asilimia 63.4 na 75.1 ya mbonyeo wa katikati. Toa ya chini kwenye ya juu: 11.7. Matokeo ya 6 hadi 9 ni ncha ngumu, 10 hadi 12 mpindo sawia, 13 hadi 15 ni sawia unaoelekea ulaini, 16 hadi 18 ni ncha laini. Huyu wetu ni sawia. Makosa ya milimita mbili kwenye robo yanasogeza jibu kwa asilimia moja, basi rudia mara mbili tatu na usiweke mkono chini ya mlingoti wakati unapima.

Mwembamba au mnene

Milingoti iko ya aina mbili kwa upana: RDM, wenye tundu la milimita 32 kwenye kitako, na SDM wenye tundu la milimita 48. Virefusho vyake haviingiliani. Hili linagusa kaboni moja kwa moja, kwa sababu ugumu wa bomba hutegemea sana upana wake. Ukipunguza upana na kutaka IMCS ileile, lazima unenepeshe ukuta. Ndiyo maana RDM wa C100 una ukuta mnene wa kustahimili kugongwa, ilhali SDM wa C100 una ukuta mwembamba, mwepesi, unaopasuka ukiubana vibaya. Na ndiyo maana RDM wa C30 ni mzito kweli kweli: ukuta mnene kwa sababu ya wembamba, halafu unene juu ya unene kwa sababu ya kioo.

Kwa matanga ya chini ya mita 6 za mraba chukua RDM bila kufikiri mara mbili. Juu ya mita 7, hasa yenye kemba (vishikizi vya plastiki vinavyoegemea mlingoti ndani ya tanga), SDM. Kati ya hapo soma kilichoandikwa kwenye tanga.

Kuchagua

Mlingoti wa 370, kwa matanga ya kama 3.7 hadi 4.7. Tofauti ya uzito kati ya C60 na C100 hapa ni gramu mia tatu au pungufu. Tanga dogo lina upepo mkali, upepo mkali una mawimbi, na mawimbi huvunja milingoti. Ningeishia C60 au C80 na pesa inayobaki ningeiweka kwenye 400.

Huo wa 400 ndio wa kugharamia, kwa wachezaji wengi wa pwani yetu. Unabeba tanga la 4.5 hadi 5.7 hivi, ndio unaotoka mfukoni siku nyingi kuliko mingine, na mlingoti mmoja mzuri ukitumika kwa matanga mawili au matatu ni bora kuliko miwili ya bei rahisi. C75 au C80. Kutoka C30 kwenda C75 unaihisi kwenye kipigo cha kwanza cha upepo. Kutoka C80 kwenda C100 wengi hawaihisi kabisa wakifungwa macho, na hiyo ndiyo hatua ghali kuliko zote.

430 ni jirani yake, hesabu ni ileile.

460, kwa tanga la 6.5 hadi 7.8: hapa C55 ni sakafu. Chini ya hapo unabeba bomba la kilo 2.6 kwenye upepo mdogo, na upepo mdogo ndio wakati ambapo tanga linatakiwa lijibu haraka unapolipampu ubao uanze kuteleza. Kwa anayeteleza kwa starehe na kugeuka, C55 hadi C75. Anayefukuza kasi, C90 kwenda juu.

490 na 520 sina maneno mengi. C90 au C100. Tanga la mita 9 kwenye mlingoti wa C40 ni adhabu. Asiye na bajeti ya mlingoti huo anunue tanga dogo na ubao mpana zaidi, atateleza mapema vilevile na mgongo wake utashukuru.

Shule na wanaokodisha vifaa: C30 au C40, basi. Mwanafunzi anapanda upepo mdogo na tanga la 2.5 hadi 4.5, anaangusha mlingoti juu ya ubao, anauburuza kwenye mchanga, anaunga vipande bila kusukuma hadi mwisho. Faiba inavumilia hayo. Kwa watoto wadogo kuna milingoti mifupi ya pekee yenye ulaini wake. Usikate mlingoti wa mtu mzima ukadhani utakuwa wa mtoto, ugumu wake utapanda sana na tanga halitapinda.

Uzito wa mwili nao una neno. Mtu mwepesi anafaidi kaboni kuliko mzito, kwa kuwa gramu 500 kwa mtu wa kilo 50 ni sehemu kubwa zaidi ya nguvu zake. Kwa hiyo mke na mume wakigawana vifaa, mlingoti mwepesi uende kwa mwepesi. Kwa kawaida huwa kinyume.

Inavyovunjika

Nyuzi za kaboni hukatika zikivutwa asilimia 1.5 hadi 2 zaidi ya urefu wake. Za kioo hufika zaidi ya 4. Maana yake kwa mtumiaji: mlingoti wenye faiba nyingi hutoa ishara, unapauka, unaonyesha mistari myeupe siku kadhaa kabla. Wa kaboni hautoi ishara. Unasikia mlio mmoja na tanga liko majini.

Lakini mara chache unavunjika kwa sababu upepo umeupinda kupita kiasi. Angalia mahali ulipokatika, utajua. Ukikatikia kwenye kibano cha bumu, umeminywa: ama kibano kimekazwa mno, ama umeweka bumu ya SDM kwenye RDM bila kipande cha plastiki cha kujazia. Ukikatikia kwenye kiungo cha katikati, karibu kila mara kulikuwa na mchanga, au vipande havikufika mwisho. Pengo la milimita tatu pale linahamisha mzigo wote kwenye mdomo wa bomba. Suuza kiungo kwa maji baridi, futa kwa kitambaa, unga, kisha zungushia tepu ya umeme mara mbili. Kazi ya tepu si kushikilia, ni kuzuia mchanga na kuzuia vipande visiachane ndani ya mfuko wa tanga. Ukikatikia juu, sentimita hamsini za mwisho, ncha imegonga chini.

Hili la mwisho ni letu hasa. Wakati wa bamvua maji hukimbia, ndani ya miamba panabaki maji ya magotini, na mtu anayerushwa mbele anapeleka ncha ya mlingoti moja kwa moja kwenye mchanga au kwenye jiwe la matumbawe. C100 haitafua dafu hapo, na C30 pia inaweza kukatika, ila uwezekano ni mdogo. Kwa mchezo wa ndani ya miamba maji yakiwa yanakupwa, C55 hadi C75 ina akili zaidi kuliko C100. Au angalia jedwali la maji na uondoke mapema.

Jua nalo. Bomba jeusi likiachwa mchangani saa sita mchana huwa moto kiasi cha kutoshikika, na epoksi inapoteza sehemu ya ugumu wake kwenye joto. Mlingoti ulioachwa umekazwa namna hiyo kila siku hatimaye unabaki umepinda. Ukipumzika kwa zaidi ya saa moja legeza kamba ya chini, na lalisha tanga kivulini. Pia kumbuka kaboni inapitisha umeme. Usitembee na tanga lililosimamishwa chini ya nyaya za umeme, na usibaki majini radi ikianza.

Kaboni na aluminiamu kwenye maji ya chumvi hazielewani. Zikigusana zinafanya kama betri, aluminiamu ndiyo inayoliwa, na unga mweupe unaotoka unavimba ndani ya kitako hadi kirefusho kinakwama. Kadiri C inavyokuwa kubwa ndivyo uwezekano unavyoongezeka, isipokuwa kiwanda kimeweka tabaka la kioo ndani, na vingi huweka. Kirefusho kitoke kila jioni, sehemu zote mbili zisuuzwe kwa maji baridi. Kikikwama, mimina maji ya vuguvugu juu ya kitako kwa dakika kumi kumi, pumzisha, watu wawili wazungushe kinyume, mmoja ameshika mlingoti kwa mpira au taulo lililoloa. Nyundo isikaribie. Kitako kikigongwa kinachanika kwa urefu, ufa ambao huuoni hadi siku yenye upepo.

Ukinunua uliotumika

Sehemu kubwa ya milingoti inayozunguka pwani imeachwa na wageni au imeuzwa na vituo mwisho wa msimu, na bei huwa nzuri. Kagua hivi. Pitisha soksi ya nailoni juu ya bomba lote. Ikinasa, kuna nyuzi zimeinuka. Gonga kwa sarafu kila sentimita tano, hasa sentimita ishirini za kitako, kati ya mita 1.2 na 1.6 palipokaa bumu, na pande zote mbili za kiungo. Sauti kali na safi ni nzuri. Sauti butu mahali pamoja maana yake tabaka zimeachana ndani. Chungulia kitako kwa tochi. Unga vipande na utikise: pasiwe na mlio wala mchezo kwenye kiungo. Laza mlingoti sakafuni uuzungushe, ona kama umebaki na upinde wa kudumu. Kisha tazama kama vipande viwili ni vya kampuni moja, urefu mmoja na C moja. Vipande vya kampuni tofauti vinaweza kuingiana na bado vikavunjika, kwa kuwa urefu wa kiungo hutofautiana, na hata visipovunjika mpindo wake haulingani na tanga lolote.

Ufa mdogo wa kitako unatengenezeka. Piga msasa namba 80 hadi rangi yote itoke, sentimita kumi kupita mwisho wa ufa, futa kwa asetoni, zungusha tabaka tatu za utepe wa faiba kwa epoksi, bana kwa nailoni hadi ikauke siku moja. Mwambie fundi wa boti mapema kwamba unataka epoksi. Rezini ya poliesta anayotumia kila siku haishiki vizuri kwenye epoksi iliyokwisha kukauka, na itabanduka kama ganda. Ufa ulio katikati au kwenye kiungo usiutengeneze. Kipande hicho kifanye mti wa kuanikia matanga, na ulizia kampuni kama wanauza nusu moja peke yake. Baadhi wanauza.